Gemu Isiyo na Asubuhi

Niko juu gizani, nimejikunja kama popo. Chini yangu askari anakwenda hatua chache, anageuka, anarudi. Tochi yake inamulika ukuta. Nikishuka sasa ataniona. Nikingoja, atageuka tena nami nitapita nyuma yake hadi mlangoni, wala hatajua kamwe kwamba palipita mtu. Basi nangoja.

"Baba, muue tu," binti yangu ananiambia. Ana miaka kumi na mitano na laptopu ni yake. "Utakaa hapo mpaka kuche?"

"Atapita."

"Baba, hii ni gemu. Huyo askari ni picha."

Kweli, ni picha. Lakini nilikuwa na sababu ya kutomgusa, sababu ambayo sikuwa nimemwambia yeye wala mtu mwingine kwa zaidi ya miaka thelathini. Insha hii inahusu gemu hiyo, mazuri yake na maudhi yake. Inahusu pia swali ambalo limenikaa kooni tangu nianze kuicheza hapa Kilifi, jioni baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi: jambo ambalo hakuna aliyeliona, je, mtendaji ana deni la nani?

Gemu inaitwa Mark of the Ninja. Ilitengenezwa na Klei Entertainment, studio ya Vancouver, Kanada. Ilitoka mwaka 2012, ikatolewa tena 2018 ikiwa na picha safi zaidi. Unamwendesha ninja mmoja anayeingia kwenye majengo yenye walinzi wa bunduki. Ana upanga, lakini hana kifua cha kuhimili risasi. Akipigwa chache tu, amekwisha. Kwa hiyo kazi yake hasa ni kutoonekana.

Uzuri wa kwanza wa gemu hii ni uaminifu wake. Gemu nyingi za kunyemelea hukuacha ukibahatisha. Umejificha nyuma ya pipa, unadhani uko salama, mara king'ora kinalia na wala hujui nani kakuona. Hapa kila kitu kinachorwa mbele yako. Ukikimbia, duara linapanuka kutoka miguuni mwako kuonyesha sauti yako imefika wapi, na kama askari yuko ndani ya duara, amesikia. Ukitembea polepole, hakuna duara. Ukiwa gizani mwili wako unakuwa mweusi, imebaki mistari tu. Ukiingia kwenye mwanga unapata rangi, na hapo ujue unaonekana. Macho ya askari nayo yamechorwa kama mwanga unaotoka usoni pake. Ukikamatwa huna wa kumlaumu. Ulijua.

Uzuri wa pili ni kwamba unajifunza kuona kwa macho ya mwingine. Ili kumpita askari lazima ujue anasimama wapi, anageuka lini, anaogopa nini, taa ikizimika anaelekea upande gani. Askari akikuona kisha akakupoteza, kivuli chako kinabaki pale alipokuona mara ya mwisho, naye anakwenda kukitafuta pale. Yaani gemu inakuonyesha mawazo yake. Inakuonyesha wewe ulivyo kichwani mwake, na tofauti kati ya hapo na ulipo kweli. Nimefundisha miaka mingi, na sidhani nimewahi kupata njia rahisi kuliko hiyo ya kumweleza mtoto kwamba mtu mwingine ana akili yake na ana upande wake wa kutazamia mambo.

Uzuri wa tatu: si lazima uue. Unaweza kupita jengo zima bila kumgusa mtu, na gemu inakupa pointi za ziada kwa hilo. Kuna hata vazi unaloweza kuchagua linalokunyang'anya upanga na kukufanya ukimbie bila sauti. Hilo ndilo navaa mimi.

Maudhi yapo pia, tusifichane. Kitufe kimoja kimebebeshwa kazi nyingi mno. Unataka kujificha nyuma ya mlango, ninja anashika ukingo. Unataka kurusha kamba juu, anaruka chini, moja kwa moja miguuni pa askari. Binti yangu hucheka mpaka anakaa sakafuni. Halafu vifaa vingi vya kufurahisha ni vya wauaji: mitego ya miiba, wadudu wa kula maiti, namna ya kumtundika mtu juu ya taa ili wenzake wapagawe kwa woga na kuanza kufyatua risasi ovyo. Anayetaka kupita kwa amani hupewa pointi, anayetaka kuua hupewa michezo. Mtoto wa miaka kumi na mitano atachagua nini?

Udhi kubwa kuliko yote ni binti yangu aliyeliona kwanza. "Hawa askari ni wajinga," alisema. "Wanamkuta mwenzao amekufa, wanatafuta kidogo, halafu wanarudi kazini."

Ndivyo ilivyo. Wakikukosa, wanatulia, na muda si muda doria inaendelea kama kawaida. Halafu jengo linaisha, inakuja orodha ya pointi: umeonekana mara ngapi, umeua wangapi, umesumbua wangapi. Aliyepita bila kuonekana na bila kugusa mtu ndiye amefanya kazi safi. Safi, kana kwamba hakuna kilichotokea. Kisha unapelekwa jengo lingine, usiku mwingine. Katika gemu hii asubuhi ile haiji, ile ambapo watu wa jengo wanaamka, wanakuta kufuli limekatwa, na mmoja wao anauliza: nani alikuwa hapa?

Mimi asubuhi ile niliiona. Nilikuwa na miaka kumi na miwili.

Mwaka wenyewe ni ule daraja la Kilifi lilipofunguliwa na feri ikastaafu, 1991. Tulikaa bara, nyuma ya Malindi, upande wa Langobaya. Ng'ambo ya kijito kulikuwa na boma la mzee mmoja ambaye sisi watoto tulimwita tsawe, yaani babu, kama tulivyowaita wazee wote. Nilichunga mbuzi na wajukuu zake. Nilikula kwake siku nyingi kuliko nilivyokula kwetu.

Karibu na zizi lake kulisimama vigango viwili.

Kwa msomaji asiye wa huku: kigango ni nguzo ya ukumbusho ya Wagiriama na jamaa zao wa Kimijikenda. Ni ubao mrefu wa mti mgumu, juu una kichwa cha mviringo, mwilini umechongwa pembetatu nyingi zilizopangwa kwa mistari. Husimamishwa kwa ajili ya mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima na uwezo, na kukisimamisha si jambo dogo, kuna gharama na karamu. Mara nyingi ni marehemu mwenyewe anayekiomba. Anamjia ndugu yake ndotoni, au ugonjwa unaingia nyumbani na mganga anasema koma anataka mahali pake. Kikishasimama hufungwa vitambaa na kumwagiwa tembo la mnazi. Hakisogezwi. Hata familia ikihama, kigango hubaki palepale.

Na hakilindwi. Hilo ndilo nataka ulikumbuke. Hakuna uzio, hakuna taa, hakuna askari. Kilinzi chake ni kwamba kila mtu anajua ni cha nani.

Miaka ile Malindi ilijaa watalii, na maduka ya vinyago yalijaa pia. Neno likafika kijijini kwamba kuna watu wananunua nguzo za zamani, nzee zaidi ndiyo bora zaidi. Vijana wawili wakubwa, mmoja binamu yangu, wakaja kwangu. Walikuwa na nguvu za kung'oa. Hawakuwa na ninachokijua mimi.

Nami nilijua kila kitu. Nilijua mzee hulala saa ngapi. Nilijua hukohoa mara mbili kabla ya kufungua mlango, kwa hiyo ukisikia kikohozi cha pili una muda wa kulala chini. Nilijua mbwa wake ananifahamu na hatabweka. Nilijua upepo wa usiku unatoka upande gani. Nilimjua mzee yule kuliko wajukuu zake walivyomjua, maana wao walimpenda tu, hawakuwa na haja ya kumchunguza.

Nikakaa njiani kama mlinzi wa wezi, tayari kupiga mluzi. Haikuhitajika. Walifukua kwa jembe, wakakilaza, wakakibeba begani kama maiti. Kilikuwa cha kaka yake mzee. Mzee hakukohoa hata mara moja.

Asubuhi nilikwenda kuchunga kama kawaida. Nilimkuta amesimama mbele ya shimo. Hakupiga kelele. Alikuwa ameshika kitambaa chekundu kilichodondoka, anakikunja, anakikunjua. Aliponiona alisema, "Umekula?" Nikasema bado. Akamwita mkewe anipe uji.

Nikanywa uji. Na nilipokuwa nikinywa nilijiambia: hajui. Hakuna aliyeona. Jioni binamu yangu alinipa shilingi hamsini. Kesho yake nikaenda sokoni nikanunua kandambili, viatu vyangu vya kwanza.

Sasa turudi kwenye swali. Plato, katika kitabu chake kinachoitwa Jamhuri, anamfanya Glaucon asimulie kisa cha mchungaji wa Lidia aliyeokota pete ya ajabu. Akiigeuza kidoleni, haonekani. Mchungaji yule alipojua siri ya pete alikwenda jumba la mfalme, akamtongoza malkia, akamuua mfalme, akatwaa ufalme. Glaucon anauliza: tukiwa na pete mbili, moja tukampa mwema na nyingine mwovu, kutakuwa na tofauti yoyote? Au wema wetu ni woga wa kuonekana tu?

Gemu ya kunyemelea ni pete ile, imewekwa mikononi mwa watoto wetu kwa bei ya chakula cha mchana hotelini. Sisemi hivyo kuilaani. Nasema inauliza swali la kweli.

Huku Pwani tuna majibu yaliyokwisha kuiva. La kwanza, Mungu anaona. La pili, koma anaona. La tatu, za mwizi arobaini. Nayaheshimu yote matatu, lakini yakiangaliwa kwa makini yanajibu swali jingine. Glaucon aliuliza mtu atafanya nini asipoonekana. Sisi tunamjibu kwamba hakuna kutoonekana, kuna askari mmoja juu ambaye tochi yake haizimiki. Kama niliacha kuiba kwa kumwogopa koma, nimebadilisha mlinzi tu. Na siku nitakapoacha kumwamini koma, kama walivyoacha binamu yangu na wenzake wengi miaka ile, nguzo itang'oka. Ilivyokuwa ndivyo hivyo. Kuhusu zile arobaini, zangu zilipita, zikapita arobaini nyingine na nyingine. Nikawa mwalimu. Nikawafundisha wajukuu wa wajukuu wa boma lile kusoma.

Nadhani jibu liko kwenye asubuhi. Kosa langu halikuwa ndani ya jicho la mtu, hata jicho likifumba kosa nalo lifutike. Lilikuwa ndani ya shimo. Mzee hakuhitaji kuniona usiku ili adhulumiwe. Alihitaji kuamka tu. Anayeiba gizani hudhani ameondoa shahidi, kumbe ameacha mtu na nafasi tupu mbele ya zizi lake, na nafasi ile itaonekana kila siku atakayofungua mlango. Gemu inaweza kuitwa safi kwa sababu imekata pale pale, kabla ya mlango kufunguliwa. Sisi hatuna mahali pa kukata.

Na kuna jambo la pili gemu ilinifunza kwa njia ya kuniudhi. Nimesifu kwamba inakufundisha kuona kwa macho ya mwingine. Nasifu bado. Lakini mimi nilikuwa na ujuzi huo nikiwa na miaka kumi na miwili, na niliutumia kuiba. Kujua mtu hukohoa mara mbili si sawa na kumjali anapokohoa. Tunapenda kuwaambia watoto kwamba ukimwelewa mwenzako utamtendea wema. Si lazima. Mwizi mzuri anamwelewa sana mwenye nyumba. Tapeli anakuelewa kuliko mkeo. Kuelewa ni tochi tu, inategemea umeishika uende wapi.

Nikiwa na haki kwa gemu, hadithi yake yenyewe inajua jambo ambalo orodha ya pointi hailijui. Ninja yule amechanjwa chale kwa wino wa ua la jangwani. Wino unamwongezea macho na masikio, lakini unamla akili polepole, na kwa mila ya ukoo wake, kazi ikiisha lazima ajiue kabla hajawa hatari kwa wenzake. Ana mwanamke anayemwongoza njia nzima, na mwishoni (samahani kama hujafika huko) inabainika kwamba mwanamke huyo hakuwapo, alikuwa kichwani mwake tu. Anayejizoeza kutoonekana na wengine hatimaye anaona wasiokuwapo. Hilo nililielewa bila kuelezwa. Kwa miaka mingi, nikilala nyumba ngeni, nimesikia mtu akikohoa mara mbili.

Vile vigango havikubaki Malindi, bila shaka. Vilipanda ndege. Mwaka 1985 mtafiti Mmarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru akiwa na vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wataalamu wa Afrika huko Marekani, Udvardy alikiona kimoja katika picha zilizokuwa zikionyeshwa. Kilikuwa kwenye makumbusho ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Illinois, na cha pili kilipatikana Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Vilirudishwa mwaka 2007, mzee Mwakiru akiwa ameshafariki. Makumbusho ya Denver yaliamua mwaka 2014 kurudisha vigango 30, na vilifika Kenya 2019. Miaka mitano, kwa jambo ambalo pande zote zilikuwa zimekubaliana! Mwaka 2023 Makumbusho ya Jimbo la Illinois yalirudisha vingine 37. Na vingi vinavyorudi havijulikani vilitoka boma gani. Vinarudi nchini, havirudi nyumbani.

Hebu fikiria safari ile kinyumenyume. Ukumbi wenye taa nzuri na kibao kinachosema "nguzo ya ukumbusho, Kenya". Kabla yake mfadhili aliyeitoa zawadi, kabla yake muuzaji, kabla yake duka, kabla yake gari. Kila mmoja aliyekuwa hapo kati aliweza kusema: mimi niliipata kihalali, aliyenitangulia ndiye mwenye kujua. Wengine walisema zilikuwa zimeachwa porini, hazina mwenyewe. Ukienda mwisho kabisa wa mnyororo ule, pale ambapo hakuna tena wa kumsukumia mwenzako, unamkuta mtoto amekaa njiani gizani, tayari kupiga mluzi. Yeye ndiye wa mwisho anayejua nguzo ni ya nani.

Mwaka 2025 studio ya Nyamakop ya Johannesburg ilitangaza gemu iitwayo Relooted, ambamo mchezaji anaingia kwenye majumba ya makumbusho ya Magharibi kuchukua vitu vya Afrika na kuvirudisha. Binti yangu alinionyesha tangazo akaruka kwa furaha. "Hii utaipenda, baba. Hapa wezi ni wazuri." Nilicheka. Kisha nikaona siwezi kucheka bila kumwambia. Nikamwambia yote, kikohozi, jembe, uji, kandambili.

Alinyamaza muda mrefu kwa mtoto wa umri wake. Halafu akauliza, "Na wao umewaambia?"

Ningeweza kumpa falsafa. Kwamba mzee alikwisha kufariki. Kwamba ungamo langu lingempunguzia nani maumivu, kama si mimi? Nimewahi kuwaza hivyo kwa dhati: kumwendea mtu ukamtua mzigo wako mapajani mwake, ili wewe ulale, huo nao ni wizi wa aina yake. Bado naona kuna ukweli hapo. Lakini nilimtazama nikaona kwamba ukweli ule umekuwa ukinifaa mimi mno.

Desemba iliyopita nikaenda. Boma lipo, zizi halipo. Kigango cha pili walikihamishia ndani ya nyumba kwa kuogopa wezi, jambo lisilotakiwa, lakini wangefanyaje? Mwana mkubwa wa mzee, ambaye sasa ni mzee mwenyewe, alinikaribisha chini ya mwembe. Nikasema nilichokwenda kusema. Nilikitayarisha njia nzima kwenye matatu, lakini kilitoka vipandevipande.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, sisi tulijua."

Nikamtazama.

"Asubuhi ile baba alikuta nyayo. Mbili kubwa, na hizi ndogo kando ya njia, mtu amekaa. Mbwa hakubweka. Halafu siku mbili baadaye wewe ukaja na kandambili mpya." Akatikisa kichwa, si kwa hasira. "Sisi tulitaka kwenda kwenu usiku uleule. Baba akakataa. Alisema yule ni mtoto, aachwe, atakuja mwenyewe."

"Alisema hivyo?"

"Kila ulipopita barabarani alisema. Atakuja. Mpaka akafa."

Miaka yote ile nilijiona mimi ndiye niliyejificha. Kutoonekana kwangu nilikuita ustadi. Kumbe ilikuwa huruma ya mtu aliyesimama mwangani ananitazama, akaamua kutoinua tochi. Askari wa gemu hukosa kukuona au hukuona akafyatua, hana cha tatu. Mzee yule aliniona, akajua, akauliza kama nimekula. Watunzi wa gemu sidhani wana namna ya kuchora hilo, na siwalaumu.

Nikaomba msamaha. Mwana wa mzee akapokea kwa kuinua mkono kidogo, kama anayefukuza inzi, maana hicho sicho alichokuwa akikitaka.

"Msamaha baba alikwisha kutoa," akasema. "Mimi nataka kujua nani alinunua. Gari lilikuwa rangi gani? Lilielekea wapi? Ile nguzo ilikuwa na alama ambayo ungeitambua? Wewe ulikaa mbele yake miaka mingapi ukichunga mbuzi. Wewe ni mwalimu. Andika."

Hapo ndipo wazo langu zuri kuhusu ungamo lilipokufa. Nilikuwa nikijiuliza kama kusema kungempunguzia mtu uchungu, kana kwamba ukweli ni dawa ya moyo na basi. Yeye alikuwa akiutaka kama mtu anavyoutaka ufunguo. Kwa miaka thelathini na zaidi nilikuwa nimekalia vitu viwili vya familia ile, si kimoja. Cha kwanza sikijui kiliko. Cha pili kilikuwa kichwani mwangu, na kila mwaka niliokaa kimya kilififia. Kujua ulichokifanya na kuwanyima waliofanyiwa ni kuiba mara ya pili, tena kila siku, tena mchana.

Binti yangu ndiye anayeshika laptopu sasa. Tunapitia picha za makumbusho, moja baada ya nyingine, jioni baada ya madaftari. Ile gemu bado iko, tumefika jengo la mwisho, tutaimaliza siku moja. Karatasi niliyoiandika chini ya mwembe tumeibandika ukutani. Imeandikwa hivi: gari dogo jeupe la mizigo, taa ya nyuma kushoto imevunjika, lilielekea Malindi kabla ya alfajiri, mwezi wa mvua za vuli, 1991. Nguzo inanifika mimi mkubwa kidevuni. Pembetatu za mstari wa tatu ni kubwa kuliko nyingine. Begani upande wa kushoto pana kovu, pale tulipokuwa watoto tukinolea kisu, na mzee akatukaripia.